Neno Lisilobisha Hodi

Saa nne kasorobo usiku simu inatetemeka mezani,
kando ya kisahani cha chai.
Ujumbe una neno moja na alama ya kuuliza:
"Aktualne?"
Hakuna habari za jioni. Hakuna jina.
Neno limeingia Grudziądz, ghorofa ya nne,
bila hodi,
na theluji ingali viatuni.

Bogumiła anajua linachotaka.
Tangazo lako, linasema, lingali na uhai?
Pipa la kukamulia asali, chuma kisichoshika kutu,
fremu nne, mpini wa mkono,
zloti mia sita, maelewano yapo.

Kiswahili kingeuliza: bado lipo?
Lakini "bado" yetu ina milango miwili,
wa kilichobaki na wa kisichofika,
na ukisimama kizingitini hujui umeulizwa lipi.
Neno la hawa halina ukumbi. Ni leo au si leo.
Karani wa manispaa alilitumia mwezi Februari,
kalamu ikielea juu ya fomu:
anwani, aktualny? Hali ya ndoa, aktualny?
Swali la kwanza alilijibu upesi.
Kwa la pili, alifunga kwanza vifungo vya koti.

Anaandika: ndiyo.

Jumamosi akaja kijana kutoka Chełmno, Ksawery,
masikio mekundu kwa baridi.
Akazungusha mpini. Akaingiza kichwa kizima pipani,
akanusa, akacheka humo humo, kicheko kikavuma.
"Mwenyewe alifugia wapi?"
Alifugia, amesema. Si anafugia.
Mtoto wa watu hakukosea sarufi.
Akapunguziwa hamsini bila kuomba,
wakashuka nalo ngazi, yeye chini, mama juu,
likigonga kila pembe ya ukuta.

Imebaki kufuta tangazo.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Picha aliipiga Gracjan, kiangazi kile;
kivuli chake, na kofia ya wavu,
kimelala majanini mbele ya pipa.

Hafuti.

Asubuhi wamefika watatu, neno lile lile.
Anawajibu mmoja mmoja, kwa salamu kamili:
Habari za asubuhi. Pipa limeshaondoka.
Ila ninazo chupa mbili za asali nyeusi, ya mwaka juzi.
Imeganda, msishtuke.
Ukiiweka kwenye maji ya uvuguvugu, inarudi.