Ndewe ya Kushoto

Wiki ya kwanza Jagoda hakulia.
Hilo ndilo lililoniogopesha.
Wenzake walining'inia kwenye makoti ya mama zao,
wakaupiga mlango mateke, wakautapika uji wa ngano.
Yeye alikaa sakafuni chini ya kulabu ya koti lake,
penye picha ya uyoga
(kila mtoto hapa ana picha yake, jina hawajajua kulisoma),
akakumbatia soksi iliyolowa mvua ya Septemba.

Mtu mzima akinyamaza hivyo twamwita mpole.
Mtoto wa miezi kumi na minne akinyamaza hivyo
amekwisha kata rufaa,
amekwisha shindwa.

Siku ya tisa, saa saba mchana, mapazia yameshushwa,
vitanda kumi na viwili vya turubai vimepangwa kama mikate,
niliinama kumfunika.
Mkono ukachomoza chini ya blanketi,
ukapapasa shavu langu, ukapita nywele, ukaipita hereni,
ukaifikia ndewe ya sikio langu la kushoto,
ukaishika.
Basi.
Kama abiria ashikavyo mkanda ndani ya tramu:
dereva hamjui, lakini sasa aweza kusinzia.

Nilipiga magoti dakika arobaini.
Mguu ukafa ganzi, toka kidoleni hadi nyongani.
Mwenzangu Halina akanitolea macho: supu yako inapoa.
Nikamwashiria: iache ipoe.
Tangu siku ile sivai hereni kazini.

Mama yake, Dobrochna, hufua mashuka ya hospitali
ng'ambo ya mto Odra.
Huja saa kumi na nusu, vidole vimekunjamana kwa maji,
harufu ya klorini imemtangulia mlangoni.
"Nyumbani halali," aliniambia. "Hapa mnamfanyaje?"
Neno moja tu lingemtosha.
Nikasema, "Huchoka kucheza."

Siku tatu nililificha sikio langu
kama mwizi afichavyo mkono.
Watoto wote hapa hutuita shangazi.
Ni undugu wa mkataba: una likizo, una kiinua mgongo,
una kifungu cha glavu na kifungu cha homa.
Hakuna kifungu kinachosema afanyeje
shangazi anayejikuta usiku, kwake, ghorofa ya nne,
televisheni ikijisemea peke yake,
ameshika sikio lake mwenyewe.

Siku ya nne nilimwambia.
Dobrochna akavua kofia ya sufu.
"Hili la kushoto?"
"La kushoto."
Akalia pale pale, chini ya uyoga,
kilio ambacho bintiye alikuwa hajakilia,
na Jagoda akamtazama, soksi mkononi,
kama mtu anayejifunza kitu.

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.
Sibishi. Sikuzaa.
Najua tu uzito wa vidole viwili.

Baada ya juma moja, asubuhi, alilia.
Alimshika mama yake ukosi, akapiga ukunga
hadi wa ghorofa ya juu wakachungulia ngazini.
Nilimpokea akinipiga ngumi za kifua.
Nilifurahi, na furaha ile iliniuma:
sasa alikuwa na kitu cha kupoteza,
na aliamini yupo mtu wa kumsikia.

Mwaka ukazunguka. Wakampandisha juu, chumba cha wakubwa.
Hukutana nami ngazini, haniamkii.
Ndivyo inavyotakiwa, Halina husema,
naye hulisema hilo akitazama dirishani.

Jana kitoto kipya, Gniewko, kilikaa kwenye ngazi ya tatu
kikatae kupanda, kikatae kushuka,
kimya, kimya kile ninachokijua.
Jagoda akashuka kwa makalio, ngazi moja, ngazi ya pili,
akakaa karibu, akanyoosha mkono,
akamshika sikio.

Alishika la kulia.
Nilitaka kumwambia.
Nikapita zangu na beseni la vikombe.