Saa Kumi na Moja na Nusu

Kitabu changu cha urubani kinasema: saa kumi na moja na nusu.
Mgeni akikisoma atadhani ni wakati,
kumbe ndio umri wangu wote hewani.

Siku za kazi najaza mafuta, uwanja wa ndege wa Malindi,
ovaroli ya buluu yenye jina la Charo kifuani,
aliyeacha kazi akaenda Doha.
Navuta mpira, napanda ngazi, nafungua kifuniko cha bawa,
nasoma mita, naandika lita, nashuka.

Jumamosi alfajiri, upepo haujaamka,
Kapteni Nzai ananipa usukani
wa kindege chake cha viti viwili, kilichopauka kama leso ya jikoni.
Mlango wa kulia haufungi mpaka uubamize mara mbili.
Saa moja ya kuruka inakula theluthi ya mshahara.
Mwezi mzuri naruka mara mbili.
Mwezi wa karo ya Mbeyu, naangalia juu tu.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti:
saa mia mbili, leseni ya biashara,
nitakuwa na miaka thelathini na minane.

Afrika Kusini kuna chuo. Miezi kumi, basi.
Unaruka asubuhi, unaruka jioni, unalala na ramani.
Kwenye picha ndege zimepangwa mstari, nyeupe pe,
na milango yote imefungika.
Wanataka nusu ya fedha kabla ya Ijumaa, saa sita mchana.

Fedha ipo. Imesimama Ganda, ekari mbili,
mikorosho thelathini na mmoja.
Mnunuzi kashakuja na kamba ya kupimia.
Alirudi kinyumenyume akihesabu hatua,
akaliruka kaburi la babu bila kuliona.
Wa kwanza kwetu kuruka, na hana leseni.

Mama akaanza, "Haraka haraka..."
Nikamkata: Mama, ndege isiyo na haraka huanguka.
Mwendo ukipungua kiasi chake, bawa linaachia hewa,
pua inainama,
na hakuna baraka itakayoidaka.
Akanyamaza. Akaendelea kuchambua mchicha.
Kisha, bila kuniangalia:
"Na ikitua mbio?"
Inapitiliza njia.
"Inaishia wapi?"
Kwenye ukuta wa watu, Mama.
"Ehee," akasema, akatupa shina.

Kapteni Nzai nilidhani atanizuia.
"Nenda, Sidi," akasema.
"Mimi nina injini moja na macho mawili, na vyote vinazeeka.
Plagi yangu imelala forodhani wiki saba."
Akapangusa kioo kwa kiwiko.
Angenizuia, ningekwenda.

Ijumaa, saa sita kasorobo, niko juu ya ngazi,
mpira mkononi, simu mfukoni imejaa chaji.
Spika ya msikiti ikakohoa.
Lita mia nne na kumi. Mia nne na ishirini.
Saa sita ilifika kama abiria asiyenijua,
ikapita na begi lake.
Sikusema hapana. Nilikuwa nahesabu lita.

Usiku nilirudia hesabu. Bado thelathini na minane.
Niliibandika ukutani, sikuifuta.
Siku nyingine nafungua tena zile picha,
nahesabu zile ndege, moja moja,
kwa kijicho, sitaficha.

Plagi ilipotoka, upepo wa ubavuni ulikuwa umeanza.
Nilitua kwa gurudumu la kushoto, nikangoja, kisha la kulia,
na mbuzi wawili wakatazama kutoka kwenye nyasi.
Kapteni hakusema kitu. Aliandika.

Na msimu wa korosho ulipokwisha
Mama alikuja mpaka langoni, akafungua pindo la leso,
akanihesabia noti zinazonuka moshi wa maganda.
Nilizigeuza kichwani palepale:
saa mbili na robo.
"Zinatosha kufika wapi?" akauliza.
Watamu na kurudi, Mama. Mara kadhaa.
"Basi nipeleke."
Nikampandisha upande wa Kapteni, upande wa kulia.
Bamiza, nikamwambia.
Bamiza tena.