Upindo wa Akiba

Sare ya mtoto wa shule huiacha na upindo mpana,
vidole vinne vimekunjwa chini ya sketi,
maana mtoto atarefuka
na mamake hana pesa kila Januari.
Hiyo ndiyo hesabu niliyoijua miaka ishirini na mitatu
kwenye kibaraza hiki cha Chavakali,
cherehani ikitazama barabara ya Kapsabet.

Daktari wa Kisumu alikuja na hesabu nyingine.
Alichora nukta mbili kwenye karatasi.
"Hii ya mama," alisema. "Hii ya baba."

Ya mama nilikuwa naingojea.
Mama yangu Vugutsa ndiye aliyepalilia shamba la jirani
kutwa nzima, akidhani ni lake,
na jirani, Mungu amjalie, hakumfukuza;
jioni alimletea uji, akasema, asante kwa kunisaidia.
Ndiye aliyeniita kwa jina la dadake aliyekufa
hadi mwaka wa tatu nikaitika,
nimechoka kusahihisha.
Wakasema amerogwa. Wakasema ni uzee tu,
naye ana miaka sitini na mitatu na meno yote kinywani.

Lakini ya baba!
Baba aliyegongwa na lori la miwa akiwa na miaka arobaini na mmoja,
aliyejua deni la kila mtu Majengo bila daftari,
kumbe naye alikuwa nayo, imekunjwa ndani,
haikupata muda wa kukunjuka.
Nilishuka ngazi za kliniki nikicheka peke yangu:
urithi pekee wa baba
ambao ami zangu hawakugawana.

"Si hukumu," daktari alinifuata na neno hadi mlangoni.
"Ni uwezekano."
Nimelipima neno hilo. Lina nafasi ndani yake,
kama sketi ya darasa la nne.

Basi alfajiri napanda kilima hadi kwenye lile jiwe
lililokaa juu ya mwenzake kama mzigo kichwani.
Magoti yanalalamika. Mbwa wa kina Kageha
hunisindikiza hadi mwisho wa ua wao, hapiti hapo.
Jumatano ni dispensari, mkono ndani ya ule mfuko unaobana;
nesi hunisomea presha, kisha huniuliza ya wiki jana.
Naikumbuka. Kufikia sasa naikumbuka.
Chumvi nimepunguza, Asava amenuna wiki mbili.
Saa nne usiku cherehani inanyamaza,
hata kama harusi ni ya binti wa chifu.
Na Ochola, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara,
ananifundisha Kijaluo, maneno matatu kwa siku,
na yote matatu huyacheka.

Shamba nimeliandikisha kwa majina ya watoto wote wawili
wakati sahihi yangu ingali inanitii.
Namba ya siri ya simu nimebaki nayo.
Kadenyi ataichukua, tumekubaliana,
siku nitakayomlipa muuza nyuzi mara mbili.

Nyuma ya daftari la vipimo, baada ya viuno na mabega ya watu,
nimeandika:
*Nikikuuliza lile lile, nijibu kama mara ya kwanza.*
*Msinifungie ndani.*
*Nipeni kitambaa, hata nikishona mfuko usio na mdomo.*
*Nikiingia shamba la watu, niache nimalize mstari.*

Lugalia alilisoma bila ruhusa, likizo ya Agosti.
Hakuniuliza kama naye anayo.
Hesabu anaijua: mwenye mbili tupu
hana jinsi ya kumnyima mwanawe moja.
Alikaa kwenye stuli ya wateja, akazungusha kifungo
mpaka kikamponyoka, kikaviringika chini ya meza.
Akainama kukitafuta, na akiwa huko huko chini
akauliza, "Kule kwenye jiwe, unapanda saa ngapi?"

Saa kumi na moja, nikamwambia.

Alitokea saa kumi na mbili na viatu vyake vya mjini.
Mbwa alikuwa amekwisha kurudi kulala.