Kutenga

Hakimu alisema kwa Kiingereza.
Mimi ndiye niliyesema kwa Kiswahili.
Kwa hiyo Nzioki akiiota hukumu yake
huota sauti yangu: miaka saba,
na kikohozi changu kidogo kabla ya saba,
maana chokaa ya korti ya Makadara hunikaba koo.

Mtungi wa gesi, kilo sita, rangi ya kijani.
Nilipiga hesabu kwa vidole chini ya meza:
kila kilo mwaka wake,
na mwaka mmoja zaidi, labda wa chuma chenyewe.

Alasiri akaletwa mwingine, aliyekula vyoo
vya shule tatu, yaani pesa zake;
watoto wangali wanakwenda kichakani.
Huyo hakunihitaji.
Yeye na hakimu walielewana moja kwa moja
kama majirani wanaosalimiana kwenye ua.
Faini. Ililipwa kwa simu chai yangu haijapoa.

Leo Syombua, dadake Nzioki, amenisubiri ngazini
na karatasi mbili.
Ya penseli ameshaisoma, karibu anaijua kwa moyo:
kwamba aliomba blanketi la pili,
akaomba tena, kwa sauti;
kwamba chumba ni hatua tatu na nusu
na hiyo nusu ndiyo inayomchosha;
kwamba siku anazihesabu kwa pua,
Jumatatu viwanda vya jirani vinachemsha sabuni,
Alhamisi mikate,
Jumapili hakunuki kitu, na hapo ndipo anapopotea.

Ya pili ina mhuri.
"Hii nisomee wewe. Wewe unayajua maneno yao."

Mistari miwili tu. Nilitafuta neno,
mimi niliyetafuta maneno miaka kumi na tisa
kwa mshahara, na sare ya koti.
"Wamemtenga," nikasema.

Nikamwona akiligeuzageuza usoni mwake.
Kwao, kama kwetu, mama alitenga
chakula cha aliyechelewa:
sahani juu ya sahani, kando ya jiko,
na ole wake atakayegusa,
mwenyewe yuko njiani.

"Wamemtengea nini?" akauliza.

Nyuma yetu karani alikuwa akiita kesi ya saa nane.
Syombua alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili,
anasubiri, kama wanavyosubiri wote
upande ule wa kizimba.

Nikakohoa kidogo.