Mpira wa Dripu

Taa ya njano imerudi kwenye dashibodi,
na Bi Nyamizi amerudi nayo,
Navara yake ya kijivu ikihema getini,
hapa Tabata Dampo, saa mbili na robo asubuhi,
tope la mvua ya jana bado limelala chini ya jeki.

"Haivuti," anasema. Hasalimii.
"Nikiwa mtupu inakwenda. Nikipakia pumba,
nikifika Pugu, pale kwenye mlima,
inakata. Nakanyaga, inanitazama tu.
Malori ya kokoto yananipita, fundi.
Malori ya kokoto!"

Nachomeka mashine. Inasoma ilichosoma mwezi wa tatu:
pii, sifuri, mbili, tisa, tisa.
Upepo pungufu.

Mwezi wa tatu niliisoma namba hiyo kama hukumu.
Nikasema, tabo imekufa, mama,
kwa sauti ya mtu aliyezika tabo nyingi.
Milioni moja na laki nane, kutoka Gerezani,
imeviringishwa nailoni kama keki ya harusi.
Ile ya zamani nikaisukumia chini ya benchi,
mzoga usio na mwenyewe.

Sasa na hii mpya imekufa?
Tabo mbili, ugonjwa mmoja?

Naanza upya, kama mwanafunzi.
Mipira ya intakula naipaka povu la sabuni,
Kidawa anakanyaga mafuta, povu halitikisiki.
Intakula: jina lina njaa, lakini haijala kitu.
Chujio safi. Ekzosi haijaziba.
Tunazima, tunaacha ipoe, naisukuma feni kwa kidole:
inazunguka kama sarafu juu ya meza ya kioo,
haitaki kusimama.

Tunawasha tena.
Kidawa, miezi minne tu tangu atoke VETA Chang'ombe,
ameinama na tochi ya simu.
"Fundi, injini inaunguruma.
Hii fimbo si ilitakiwa iwe imevutwa?"

Fimbo.
Nyembamba kuliko penseli,
ndiyo inayoiambia tabo sasa puliza, sasa tulia.
Imelala.

Nauchomoa mpira wake, naziba kwa kidole:
hakinyonywi.
Naunganisha kipande kingine, naweka mdomoni, nanyonya mwenyewe:
fimbo inapanda, inakaa. Naachia, inashuka.
Fimbo nzima. Tabo nzima.
Basi naufuata ule mpira kwa vidole,
nyuma ya betri, chini ya bomba,
hadi pale unaposugua chuma.

Tundu.
La kupita sindano ya cherehani, si zaidi.
Siku zote hizo kompyuta inaita,
mvuto unavujia hapa,
fimbo haisikii,
na mimi namzika aliye hai.

Kidawa anakimbia duka la dawa,
anarudi na mpira wa dripu, elfu moja na mia tano.
Tunaufunga wa kujaribia tu.

Kabla hatujatoka nainama chini ya benchi.
Napuliza vumbi. Natia kidole.
Ile ya zamani inazunguka.
Inazunguka muda mrefu.

Pugu, na magunia yaleyale ya pumba.
Geji inapanda: nukta nane, moja, moja nukta mbili,
inakaa hapo kama mtu aliyepata kiti.
Lori la kokoto linabaki kwenye kioo, linapungua.
Bi Nyamizi anapiga usukani kwa kiganja, anacheka,
sikujua ana mwanya.

"Ilikuwa nini?"

Kidawa anaangalia dirishani.
Ulimi wangu una ladha ya mpira na dizeli.
Yapo maneno: tabo mpya ilikuwa haijazoea,
mama, mafuta ya siku hizi, mama.
Nimewahi kuyasema. Watu wakalipa.

"Mpira," nasema. "Mpira mdogo tu."

"Na tabo?"

Gia ya nne. Hajaniangalia bado.

"Ukipata pa kugeuzia, geuza, mama.
Turudi gereji.
Kuna kitu chako chini ya benchi langu."