Dakika Arobaini za Chengo

Ombi nililituma saa tisa kamili usiku.
Jibu likaingia saa tisa na dakika nne:
Tunasikitika.
Dakika nne!
Hata mchuuzi wa Kongowea hukuacha uliminye embe lake
kabla hajakwambia shika njia.

Mama aliuliza, mikono imo kwenye unga wa mahamri,
"Nani aliyekusoma?"
Mashine, nikamwambia.
"Na hiyo mashine, yaijua njaa?"
Nikakosa la kujibu.
Mashine kama hizo nimezitengeneza mwenyewe
miaka sita, ghorofani kule Nyali,
hadi siku tulipoitwa chumbani watu kumi na mmoja,
kila mtu akapewa bahasha na maji ya chupa.

Naikumbuka chupa kuliko bahasha.
Nilifika nayo nyumbani haijafunguliwa.

Sasa asubuhi yangu ni hii:
kusoma mita ya stima kabla ya kusoma barua pepe,
kununua bando la saa moja na kulivuta
kama mgonjwa wa pumu anavyovuta pumzi,
kujibu kwa mara ya sitini
Eleza udhaifu wako mkubwa.
Udhaifu wangu mkubwa ni kodi ya tarehe tano.
Nikafuta.
Nikaandika: huwa nataka kazi ikamilike mno.

Hapa Majengo wanajua tu kwamba nafanya "mambo ya kompyuta".
Kwa hiyo Bi Mwanatumu huniletea redio,
binamu yake simu iliyotumbukia kwenye mchuzi wa papa,
na juzi mtu kaja na pasi.
Pasi ikapona.
Nikalipwa viazi karai vitano na ukwaju wake,
mshahara wangu wa Novemba, bila makato.

Jumanne, saa nne, nilikuwa na mahojiano ya video.
Watu watatu, kila mmoja na nchi yake.
Juu nikavaa shati la Idi, chini kikoi,
nyuma yangu nikatundika shuka nyeupe ya mama
kuficha ndoo, na godoro la mdogo wangu Famau.

Kilichobaki ni ukuta.
Upande wa pili ni karakana ya Chengo,
na msumeno wake huanza kulia saa moja
hauachi mpaka adhana.
Nilitaka kumwomba. Nikaona haya:
mtu ana oda ya vitanda kumi vya bweni,
nimwambie nini, nyamaza nami niongee?

Saa nne barabara, msumeno ukakatika.
Nikadhani stima imepotea. Nikatazama taa.
Inawaka.

Wakauliza, mfumo ukielemewa, wewe hufanyaje?
Nikasema hutafuta ulipolalia mzigo,
kisha huugawa, ili asianguke mmoja kwa ajili ya wote.
Kiingereza changu siku hiyo kilikuwa kimepigwa pasi.
Na kimya kile, Majengo haijawahi kunipa kimya kama kile,
kimya cha mtu anayekizuia kwa mikono miwili.

Nilipofunga kompyuta nikaenda kuchungulia.
Chengo amekaa juu ya ubao wa mvule, plagi mkononi.
Vijana wake wawili wanapiga msasa taratibu,
kama wanaobembeleza mtoto.
"Nani alikwambia?"
"Mamako. Alikuja na mahamri."
Akanikagua toka shati hadi kikoi, hakucheka.
"Umepata?"
"Watanijulisha."
"Ehee," akasema, "kama wateja wa makochi."
Akachomeka plagi.

Leo wiki ya tatu. Hawajanijulisha.
Msumeno unalia, nami najaza fomu nyingine,
inataka watu watatu wanaonijua kikazi.
Meneja wa zamani, nimemwandika.
Mhadhiri wangu, nimemwandika.
Wa tatu nilikuwa nimeweka jina la mkubwa fulani
tuliyesalimiana naye mara mbili kwenye lifti.
Nimemfuta.
Nimeandika: Chengo Mwarandu, seremala, Majengo.
Barua pepe hana.
Gongeni ukuta.