Bolti ya Nne

Alifika asubuhi, gari limepakwa matope hadi kwenye vioo,
akashuka kwa kuruka, mguu mmoja ukitafuta ardhi.
Namwezi ndilo jina lake. Ile Ipsum ni ya mumewe,
marehemu Birhahwa, aliyeipandisha na kuishusha
miaka kumi na mmoja, Kadutu hadi Panzi.

"Fundi, nitolee hiki kiti.
Kila nikikikalia, kinanivuta kushoto."

Nikakaa kujaribu. Kweli kabisa.
Sponji ilikuwa imemkariri mtu:
paja zito, kiuno kimekimbia mlango.
Nikacheka. Nikasema, mama, hayo ni mambo ya madereva,
usukani uko kulia, nauli iko kushoto,
mtu huegemea panapotoka pesa.

Watu hudhani kiti ni kitambaa.
Kiti ni bolti nne na kutu.
Kwanza nilitoa betri, nikangoja,
maana chini pale hupita waya wa manjano usiotaniwa.
Bolti tatu zilikubali spana ya kumi na nne.
Ya nne ilinigomea hadi watoto wa shule wakarudi;
niliinywesha mafuta ya breki, nikaigonga,
nikaisema kwa Mashi, maneno ya kwa bibi yangu.
Ikalia mara moja. Ikaja.

Sakafu ikatoa yake:
kifuniko cha kalamu,
noti tatu za franka mia tano, laini kama leso,
na karatasi saba zilizokunjwa ndogondogo
hata nikadhani ni hirizi.

Zilikuwa risiti za famasi.
Namwezi alizifungua moja moja juu ya boneti,
akazipanga kwa tarehe, kama mtu anayepanga karata.
"Ya kwanza ni ya mwezi wa pili," akasema.
Kisha, baada ya pikipiki kadhaa kupita:
"Mimi aliniambia mwezi wa nane."

Nikakitazama kile kiti kilicholala ubavu kwenye changarawe.
Nauli haikuwa kushoto.
Maumivu yalikuwa kulia.

Sikusema. Nilikuwa na kazi.

Kiti kipya kilitoka kwenye gari la Ubelgiji lililoanguka,
ngozi nyeusi, mishono myekundu, bado kinanuka duka.
Matundu yake hayakukutana na yetu, vidole viwili pembeni.
Nikakata chuma, nikatoboa, nikapima tena,
na nilipowasha mashine ya kuchomelea umeme ukakatika.
Tukakaa. Mvua ikaja, ikapiga mabati, ikaenda zake Ruzizi.
Yeye akala muhogo wa kuchoma, nusu akanipa.
Umeme uliporudi nilichoma haraka, bila mapambo.

"Hiki," nilimwonyesha, "kilizaliwa kwa usukani wa kushoto.
Wenzi wa kusogeza utaukuta upande usioutarajia.
Mkono utazoea."
"Mkono," akasema, "umezoea mengi."

Kiti kilichofungwa vibaya hujulikana mlimani.
Tukapanda Funu, yeye akiendesha, mimi pembeni
nikisikiliza reli kama daktari anayesikiliza kifua.
Hakikuteleza. Hakikulia.
Ila alikuwa bado ananyoosha shingo,
basi tuliporudi niliweka vipande viwili vya chuma chini yake.
"Ehee!" akasema. "Kumbe boneti inaonekana."

Alilipa yote. Zile noti tatu laini
alizihesabia ndani, kwa makusudi, nikaona.
Risiti akaondoka nazo.

Kiti cha zamani alisema nikichome.
Kipo ukutani hapa. Wateja hukikalia wakingoja,
wanene kwa wembamba, na wote, bila kujua,
wanaegemea kushoto.
Jana mmoja aliniuliza bei.
Nikamwambia hakiuzwi, sponji imekwisha,
nitaibadilisha nikipata nafasi.
Nafasi ninazo.